Povu si usafi: kemia ya sabuni ya kufulia kwa sisi tunaoikoroga wenyewe

Mkorogaji wa Kawempe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu utakuwa mrefu, mwenye chai yake aivute karibu.

Nakoroga sabuni ya maji na ya unga hapa Kawempe, Kampala, huu mwaka wa sita. Kilichonisukuma kuandika ni mikono ya shangazi yangu. Yeye hufua nguo za watu Ntinda na Bukoto, nyumba mbili, siku nyingine tatu. Mwaka wangu wa pili nilimpa dumu la lita tano, bure, nikijua nimemsaidia. Siku ya nne alikuja kwangu, akakaa, akanyoosha mikono mezani bila kusema neno. Ngozi ya katikati ya vidole ilikuwa imechanika, ncha za vidole zimelainika kama karatasi iliyolowa, hata mistari ya kidole gumba haionekani. Dumu lile lilikuwa na povu zuri na harufu ya ndimu. Lilikuwa pia na kostiki iliyozidi, ile soda kali ya kupikia sabuni, kwa sababu nilikuwa naipima kwa kikombe cha plastiki na kwa jicho.

Tangu siku hiyo sikorogi kitu bila mizani, na nimejifunza kila kinachoingia kwenye pipa kinafanya nini. Nataka na ninyi mjue, maana wengi humu tunauza, na anayeingiza mikono ndani ya beseni kutwa nzima si sisi.

Tuanze na chenyewe kinachotoa uchafu. Mafuta na maji havikai pamoja, hilo kila mpishi analijua. Molekuli ya sabuni ni ndefu na ina tabia mbili: huku kuna kichwa chenye chaji kinachopenda maji, kule kuna mkia wa kaboni, kumi na mbili hivi mpaka kumi na nane, unaoyakimbia maji na kukimbilia mafuta. Ukiloweka kola ya shati, mikia inazama kwenye mafuta ya shingo, vichwa vinabaki majini. Molekuli zikishakuwa nyingi zinalizingira tone la mafuta pande zote, linang'oka kwenye uzi na kuelea. Halirudi kwenye nguo kwa urahisi, kwa kuwa limevikwa vichwa vyenye chaji hasi, na pamba nayo ikiwa majini huwa na chaji hasi. Vinasukumana.

Sabuni ya mche ni mafuta, ya mawese au ya mnyama, yaliyopikwa na kostiki. Mkia umetoka kwenye mafuta yenyewe. Aliyefumbua jambo hili ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul: kufikia 1823 alikwisha onyesha kwamba mafuta ni asidi za mafuta zilizoshikana na gliserini. Kostiki inawatenganisha, inaichukua ile asidi na kuifanya sabuni, gliserini inabaki pembeni. Mawese ya Kalangala yanafanya hivyo hivyo, hakuna tofauti.

Sabuni ya unga na ile ya maji tunayoikoroga ni ukoo mwingine. Wajerumani walianza kuzitafuta wakati wa vita ya kwanza ya dunia, mafuta yalipoadimika na watu wakayahitaji kwa kula. Henkel walitoa Fewa mwaka 1932, Procter & Gamble wakatoa Dreft 1933, kisha Tide 1946, ambayo ndiyo iliyoweza kufua nguo chafu kwelikweli. Leo kisafishi chetu kikubwa ni LABSA, ile asidi ya rangi ya kahawia, nzito kama asali iliyoungua, inayouzwa mjini kwa kilo. Wengi tunaiita salfoniki tu.

Sasa hapa ndipo mikono ya shangazi ilipoharibikia.

LABSA ikiwa peke yake ni asidi kali. Lazima itulizwe kwa alkali kama kostiki mpaka iwe chumvi yake, na chumvi hiyo ndiyo inayofua. Molekuli moja ya asidi inataka molekuli moja ya kostiki, basi. Uzito wa molekuli ya LABSA ni karibu 320, wa kostiki ni 40. Kwa hiyo kilo moja ya LABSA ya asilimia 96 inakula gramu 120 za kostiki safi. Kikombe changu kikijaa kilikuwa kinabeba karibu gramu 200. Zile 80 za ziada hazikuwa na asidi ya kukutana nayo, zikabaki majini zikisubiri mafuta ya ngozi. Kumbukeni kostiki huyafanya mafuta kuwa sabuni. Ndiyo maana mkono ukiingia kwenye kostiki unateleza: mafuta ya ngozi yako ndiyo yanayogeuka sabuni.

Tena mizani peke yake haitoshi. Kostiki ikikaa kwenye mfuko uliofunguliwa inavuta unyevu na hewa ya kaboni, magamba yanashikana, nguvu inapungua. Gramu 120 za mfuko wa leo si sawa na gramu 120 za mfuko uliokaa wazi mwezi mzima. Kwa hiyo pima kwa mizani, halafu thibitisha kwa karatasi ya pH, inayopima asidi na alkali: 7 ni katikati, juu yake ni alkali. Mimi sabuni ya maji ya kufua kwa mkono naitaka kati ya 7 na 8.5. Na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya kostiki inachemka na kurukia uso.

Wapo wanaotumia magadi soda badala ya kostiki. Sawa kabisa, na ni salama zaidi kwa mkono: kilo hiyo hiyo inataka gramu 160 hivi. Lakini magadi yakikutana na asidi yanatoa gesi, na kwa kilo moja ya LABSA unaweza kupata zaidi ya lita 35 za gesi. Mimi nilitia kilo tano kwa pamoja ndani ya pipa lililojaa theluthi mbili. Povu lilipanda, likamwagika, likapita kizingitini, likashuka kwenye mfereji mpaka kwa jirani. Nusu ya kazi ya siku ilikwenda. Acha nafasi ndani ya pipa, tia polepole, koroga, ngoja litulie, tia tena.

Nitaendelea na maji na povu. Kwanza nawasikiliza.

---

Dada wa Busia

Mkuu, asante sana, uzi umetulia. Mimi nipo mpakani, nakoroga ya maji ya vyombo na kufulia kwa mapishi niliyoyapata kwenye kundi la WhatsApp. Nina swali moja linaninyima usingizi. Wanasema ukitaka iwe nzito ongeza chumvi. Nilitia, ikawa nzito vizuri. Nikasema ngoja niongeze kidogo iwe nzito zaidi, ghafla ikawa nyepesi kama maji ya kunawa. Nimeiharibu? Lita ishirini zipo hapa ndani.

---

Mkorogaji wa Kawempe

Dada, hujaiharibu. Umevuka kilele tu.

Ile ungaroli, yaani SLES, kisafishi cha sabuni yako ya maji, inapokuwa majini molekuli zake zinajikusanya katika vijifungu vya duara, mikia ndani, vichwa nje. Vichwa vinasukumana kwa sababu ya chaji, ndiyo maana kifungu kinabaki kidogo na cha duara. Chumvi ikiingia, sodiamu yake inakaa katikati ya vichwa na kupunguza ule ugomvi. Vichwa vinasogeleana, kifungu kinarefuka na kuwa kama mnyoo, minyoo inasokotana, na sabuni inakuwa nzito. Hapo ndipo ulipofurahi. Ukizidisha chumvi, msokotano ule unalegea, sabuni inarudi kuwa nyepesi. Ukizidi kabisa inatengana, maji chini, ute juu.

Dawa yake: ongeza maji na SLES pamoja, bila chumvi, ili chumvi iliyomo igawanyike kwa wengi. Chota lita moja kwanza ujaribu, ukiona imekubali ndipo ufanye zote. Na siku nyingine yeyusha chumvi kwenye maji kando, utie kikombe kimoja kimoja, na uache dakika kumi kabla ya kutia kingine. Uzito wa sabuni hauonekani hapo hapo.

Na niseme hili kwa wote: uzito hauondoi uchafu. Sabuni nzito iliyojaa chumvi na maji inaweza kuwa na kisafishi kidogo kuliko nyepesi ya jirani. Mteja anashika dumu, analiinamisha, anaona linavyoshuka polepole, analipa. Inaniuma kila ninapoliona.

---

Afande Mstaafu, Bombo

Vijana, shikamooni kwa wakubwa, na wadogo marahaba. Mimi si mfanyabiashara, nimestaafu, nafua nguo zangu mwenyewe. Nilikuwa na kanzu nyeupe ya sikukuu. Hapa kwetu tunatumia maji ya nayikondo, pampu ya kisima. Yanatoka safi kama kioo, ila yakilala kwenye jerikeni chini hubaki kitu cha kahawia. Kanzu ilikuwa na doa la mchuzi, nikailoweka na jiki usiku kucha ili iwe nyeupe zaidi. Asubuhi nimeikuta ina rangi ya chai ya maziwa, yote. Nikaongeza jiki, ikazidi. Nimekosea wapi?

---

Mkorogaji wa Kawempe

Shikamoo Afande. Pole sana kwa kanzu, ila inaokoleka.

Kile cha kahawia chini ya jerikeni ni chuma. Maji ya chini ya ardhi mara nyingi hubeba chuma kilichoyeyuka, na kikiwa kimeyeyuka hakionekani. Kikipata hewa kinageuka kutu na kutuama. Hewa inafanya kazi hiyo taratibu, usiku mzima. Jiki ni haipokloraiti, inakigeuza papo hapo. Kwa hiyo ulipoimimina, chuma chote cha ndani ya beseni kiligeuka kutu kikiwa katikati ya nyuzi za kanzu. Ulipoongeza jiki na maji yale yale, uliongeza kutu.

Jiki haitoi kutu hata kidogo, kwa kuwa kutu imekwisha kuungana na oksijeni, hakuna cha kuichoma zaidi. Kutu inatolewa na asidi inayoweza kukishika chuma na kukiyeyusha. Ndimu inaweza, au asidi ya sitriki inayouzwa kwa unga.

Ila nisikilize kwa makini, Afande. Suuza jiki yote kwanza. Suuza mara tatu nne kwa maji ya mvua, anika, nusa. Isiwe na harufu ya jiki hata kidogo. Jiki ikikutana na asidi, hata ya ndimu, inatoa gesi ya klorini, na chumbani inaweza kukuua. Ukishahakikisha, yeyusha vijiko viwili vya asidi ya sitriki kwenye lita tano za maji ya mvua ya vuguvugu, loweka nusu saa, tazama, suuza. Rudia kama bado. Tarizi ya kifuani jaribu kwanza sehemu ndogo ya ndani, usije ukaipausha.

Baada ya hapo nguo nyeupe zifulie maji ya mvua.

---

Afande Mstaafu, Bombo

Nimekuelewa. Maji ya mvua yapo kwenye pipa. Nitaleta habari.

---

Mkorogaji wa Kawempe

Afande amenifungulia mlango wa maji, niingie.

Chuma ni nusu ya habari. Wasumbufu wengine wawili ni kalsiamu na magnesiamu, hao ndio wanaoyafanya maji kuitwa magumu. Fanyeni jaribio hili leo, halina gharama. Chukua chupa mbili za plastiki safi. Moja tia maji ya mvua, nyingine maji ya kisima, nusu nusu. Kwangua sabuni ya mche, vipande viwili vya ukubwa wa punje ya mahindi, kimoja kila chupa. Funga, tikisa mara ishirini. Ya mvua itajaa povu jeupe na maji ya chini yatabaki mepesi. Ya kisima, kama ni magumu, itakuwa na povu kidogo linalokufa haraka, na maji yatakuwa kama yametiwa unga, na utando utaganda kwenye ukuta wa chupa. Ule utando ni sabuni yako. Kalsiamu ina chaji mbili, inashika vichwa viwili vya sabuni kwa mpigo na kuiangusha, haiyeyuki tena. Unanunua mche, nusu yake unaulisha maji kabla haujaigusa nguo. Na utando unaganda kwenye nguo, ndiyo ile taulo inayokuwa ngumu kama gunia na shati jeupe linalokuwa la kijivu.

Sisi tunaotumia maji ya bomba hapa Kampala tuna bahati, yanatoka ziwani, Ggaba, na maji ya Ziwa Victoria ni laini. Ndugu zetu wa visima ndio wanaoteseka, na mara nyingi tunawauzia sabuni tuliyoijaribu kwa maji ya bomba letu.

LABSA inavumilia maji magumu kuliko mche, lakini haiponi kabisa. Ndiyo maana ndani ya unga mzuri kuna kitu cha kuishika kalsiamu kabla haijafika kwenye sabuni. Kuna magadi soda, yanayoiangusha kalsiamu iwe chokaa. Kuna zeolaiti, punje ndogo zenye vyumba ndani, inayochukua kalsiamu na kutoa sodiamu. Na kuna STPP, fosfeti, inayoikumbatia kalsiamu na kubaki nayo majini bila kuiangusha. Kwa kazi ya kufua, STPP haina mpinzani. Inashika kalsiamu, inatawanya udongo, inashikilia alkali mahali pake. Tide ya 1946 ilishinda kwa ajili yake.

---

Mwanafunzi wa Kemia, Makerere

Kaka, nafuatilia tangu juzi, umeeleza vizuri, ila hapo kwa STPP naomba nikukatishe. Fosfeti ni chakula cha mimea ya majini. Marekani walianza kulalamika kuhusu Ziwa Erie miaka ya 1960, mwani ulipoziba maji na samaki wakakosa hewa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha fosforasi kwenye sabuni za kufulia za majumbani kuanzia katikati ya 2013. Sisi tunamwaga beseni kwenye mfereji, mfereji unaingia Nakivubo, Nakivubo unaingia Ghuba ya Murchison, na ghuba hiyo hiyo ndiyo tunayovuta maji ya Ggaba. Ukisimama pale ufukweni siku nyingine maji ni ya kijani kama mboga iliyosagwa. Huwezi kutusifia STPP hapa.

---

Mkorogaji wa Kawempe

Mdogo wangu, uko sahihi, na nashukuru umekatisha. Nimeisifia kwa kazi yake ndani ya beseni. Mfereji sikuutaja, na ilinipasa.

Fosforasi inayoingia ghubani haitoki kwenye sabuni peke yake, vyoo na maji taka na udongo wa mashamba vina sehemu kubwa. Hilo halitutoi sisi hatiani. Mimi mwenyewe niliacha STPP miaka mitatu iliyopita. Sasa naweka magadi soda, silikati ya sodiamu na zeolaiti kidogo. Unga wangu si mweupe kama zamani, na zeolaiti isiposuuzwa vizuri huacha vumbi kwenye nguo nyeusi. Wateja wawili wameniacha. Nimeamua hivyo kwa maana watoto wangu wanakunywa maji ya Ggaba.

Na kuna hadithi ya zamani inayofanana, ya mkia wenyewe. LABSA tunayotumia leo ina mkia mnyoofu. Iliyokuwapo miaka ya 1950 ilikuwa na mkia wenye matawi. Ilifua vizuri tu, ila bakteria wa mitoni walishindwa kuula mkia wa matawi. Sabuni ikafika mtoni nzima, mito ya Ujerumani ikafunikwa mapovu, na Marekani kuna waliofungua bomba jikoni likatoa maji yenye povu. Ujerumani walitunga sheria 1961, ikaanza kushika 1964, na Marekani viwanda vikahama kufikia 1965. Wakanyoosha mkia, bakteria wakapata pa kuanzia kula. Fundi wa kemia aliyepinda au kunyoosha mnyororo wa kaboni kumi na mbili ndiye aliyeamua mto uwe na povu au usiwe nalo. Jambo hili bado linanishangaza kila ninapolikumbuka.

---

Muuza Jumla wa Kikuubo

Mkuu, maneno mazuri, lakini mimi nipo dukani. Mama akija anauliza mambo matatu: lina povu? linanukia? ni bei gani? Hakuna aliyewahi kuniuliza kalsiamu. Nikimpa lisilo na povu anarudisha. Sasa wewe unataka tufanyeje?

---

Mkorogaji wa Kawempe

Mzee wangu, swali la haki.

Povu ni hewa iliyofungwa na utando mwembamba wa sabuni. Linakuambia sabuni bado ipo majini, na hilo lina faida: anayefua kwa mkono akiona povu limekufa anajua uchafu umekwisha kula sabuni yake. Lakini kazi ya kung'oa uchafu inafanyika chini, ndani ya maji, kwenye uzi. Mashine za kufulia za mlango wa mbele zinatengenezewa unga wa povu dogo makusudi, na nguo zinatoka safi.

Shida ni kwamba povu linanunulika kwa bei nafuu kuliko usafi. Ukitia kidogo CDE, dawa ya kuongeza povu, povu linakuwa zito na la kudumu, hata kisafishi kikiwa haba. Halafu unajaza. Unga wa bei ya chini unaweza kuwa nusu yake ni salfeti ya sodiamu, ambayo haifui kitu. Siisemi salfeti kwa ubaya, inaufanya unga utiririke usigande, na kiasi fulani kinahitajika. Ubaya ni kumuuzia mtu kilo ya salfeti yenye povu.

Mzee, fanya hivi dukani kwako. Chukua vitambaa viwili vya pamba nyeupe, vipake udongo mwekundu wa barabarani na mafuta kidogo ya kupikia, viache vikauke siku moja. Pima gramu kumi za unga huu na gramu kumi za ule, kila mmoja lita mbili za maji, loweka nusu saa, sugua mara ishirini kila kimoja, suuza, anika. Vitundike juu ya kaunta na jina la sabuni chini yake. Mama atauliza swali la nne.

Halafu tazama maji ya kusuuza. Udongo wetu mwekundu ni chembe ndogo sana za mfinyanzi zenye kutu ya chuma, na zikishatoka hutafuta pa kurudi. Ndani ya unga mzuri kuna CMC, inatokana na selulosi, ndugu wa pamba. Inajibandika kwenye uzi na kuuongezea chaji hasi, chembe zikija zinasukumwa. Ni kidogo sana, asilimia moja hivi ya unga wote, na ndiyo ya kwanza kuachwa na anayebana gharama, kwa kuwa mteja haioni wala hainusi. Sare nyeupe za shule zinazokuwa za rangi ya waridi kufikia muhula wa pili, mara nyingi hapo ndipo pa kulaumu.

---

Mama Matoke

Mimi swali langu ni la jikoni. Utomvu wa ndizi. Nimenyonya jiki, ndimu, mafuta ya taa, doa halisogei. Ukimenya matoke na blauzi mpya ndiyo basi? Na hizi sabuni zinazoandikwa zina vimeng'enya ni kweli au ni maneno ya biashara?

---

Mkorogaji wa Kawempe

Mama, natumaini umeandika *nimenyonya* ukitaka kusema *nimenyunyiza*, vinginevyo tukupeleke kwa daktari sasa hivi.

Utomvu unatoka hauna rangi. Ndani yake kuna vitu vya jamii ya tanini, vikipata hewa vinageuka, vinaungana vikubwa vikubwa na kushika pamba kama rangi ya kutilia nguo. Kwa hiyo ushindani wako ni wa saa. Doa likiwa bichi, maji baridi na sabuni hapo hapo, linatoka lote au karibu lote. Likishakuwa jeusi, jaribu unga wenye perkaboneti, ambayo ikiingia majini inatoa haidrojeni peroksaidi. Maji yawe ya moto kiasi cha kuvumilia mkono, loweka saa tatu. Litafifia, sikuahidi zaidi. Shangazi yangu hupaka mafuta ya kupikia viganjani kabla ya kumenya, utomvu unakosa pa kushika, na kanga kuukuu anaifunga juu ya blauzi.

Vimeng'enya ni kweli kabisa. Mjerumani Otto Röhm aliviingiza kwenye sabuni ya kulowekea tangu 1913, alivitoa kwenye kongosho la wanyama. Siku hizi vinatolewa na bakteria na kuvu. Kimoja kinakata protini, hicho ni cha damu, maziwa, yai, jasho. Kingine kinakata wanga, hicho ni cha uji na posho (ugali). Kingine mafuta. Kila kimoja ni mkasi wa kitu kimoja, kwa hiyo cha protini ukikipeleka kwenye utomvu kinakaa tu.

Vinataka muda. Unga wenye vimeng'enya usifue papo hapo, loweka dakika 30 hadi saa moja. Maji yanayochemka yanaviua, jiki inaviua, na maji ya moto yanaipika damu ikaganda ndani ya uzi kama yai. Damu siku zote ni maji baridi. Na wewe unayekoroga, usinunue unga wa vimeng'enya ukachanganya kwa mkono bila barakoa: vumbi lake likiingia mapafuni linaleta mzio, na wafanyakazi wa viwandani waliugua hivyo miaka ya 1960 mpaka viwanda vikaanza kuvifunika punje kwa nta.

---

Mama Matoke

Nimenyunyiza! Simu hii. Asante mwanangu, Mungu akubariki na shangazi yako.

---

Afande Mstaafu, Bombo

Naleta habari. Nilisuuza mara tano, nikaanika siku nzima, nikanusa. Nikaloweka kwa ile asidi. Mara ya kwanza maji yakawa ya manjano, kanzu ikarudi karibu nusu. Mara ya pili imebaki alama ndogo mkononi tu. Tarizi haijaguswa. Ila haina ule weupe wa dukani wa kibuluu. Kwa nini?

---

Mwanafunzi wa Kemia, Makerere

Afande, kaka akiniruhusu nijibu. Ule wa kibuluu haukuwa usafi, ni kitu kinachotiwa kwenye kitambaa na kwenye unga wa sabuni. Kinameza miale ya jua tusiyoiona, ya urujuanimno, na kuirudisha kama mwanga wa buluu. Jicho likipata buluu kidogo linaiona nguo nyeupe zaidi. Mwaka 1929 Mjerumani Paul Krais alikigundua kwa kutumia dawa ya gome la mti. Wazee wetu walitumia buluu ya kufulia kwa hesabu hiyo hiyo, ila ile inaficha umanjano kwa kuupunguzia mwanga, hii inaongeza mwanga. Jiki kali usiku kucha huenda ndiyo iliyokiharibu. Fua mara mbili tatu kwa unga wenye king'arisha, kitarudi taratibu.

---

Mkorogaji wa Kawempe

Amejibu kuliko ambavyo ningejibu mimi. Afande, hongera kwa kanzu.

---

Dada wa Busia

Mkuu, nimerudi. Zile lita ishirini nimeziokoa kama ulivyosema. Sasa jana nimenunua karatasi za pH, mara yangu ya kwanza. Nimechovya sabuni yangu ya kufulia, ile ninayoipeleka kwa kina mama watatu wa hapa wanaofulia watu. Karatasi imekuwa buluu iliyoiva, inasoma kama 12. Nimechovya mara tatu nikidhani nimekosea. Mmoja wao aliniambia mwezi jana vidole vinamuwasha, nikamwambia ni baridi. Nifanye nini sasa hivi?

---

Mkorogaji wa Kawempe

Dada, waendee leo, kabla hujagusa pipa. Chukua madumu yote yaliyobaki, wape mengine au warudishie hela. Waambie wanawe kwa maji mengi na wapake mafuta ya nazi au vaselini, na anayetoka malengelenge aende kituo cha afya.

Kisha chukua lita moja ya sabuni hiyo kwenye ndoo. Yeyusha asidi ya sitriki kijiko kimoja cha chai kwenye kikombe cha maji. Tia vijiko viwili vya maji hayo, koroga dakika mbili, subiri povu litulie, chovya karatasi kwenye maji ya chini, usichovye kwenye povu. Andika. Tia viwili tena, pima, andika. Ukifika 8 simama, zidisha hesabu hiyo kwa lita ulizo nazo, ila kwenye pipa anza na robo tatu tu ya hesabu, umalizie kwa karatasi. Itabadilika uzito kidogo, usiongeze chumvi leo. Acha ilale, upime tena kesho asubuhi, uniandikie namba hapa.